MUTISYA MUNGE, FUNDI WA WAMUNYU

Muhula uliopita katika Chama chetu cha Kiswahili tulijadili watu wanaoitwa wasanifu wa bidhaa. Hawa ni wale wanaokaa chini wakafikiria kiti kiwe na umbo gani, taa iweje, kichezeo kimfurahishe mtoto vipi, kisha vitu vya namna hiyo vikatengenezwa kwa maelfu. Kila aliyesimama alitaja Mwitaliano huyu au Mmarekani yule. Mmoja alitaja Mjapani, tukampigia makofi kwa kubadilisha mambo. Nami nikanyoosha mkono nikamtaja Mutisya Munge. Darasa likaangua kicheko. Eti huyo ni mchonga vinyago tu! Kengele ikalia kabla sijajibu. Basi hapa ndipo ninapojibu.

Munge alikuwa Mkamba wa Wamunyu, katika Machakos. Kutoka hapa Salama unapanda matatu hadi Machakos mjini, halafu unashika njia ya Kitui. Asije mtu akaniambia kwamba huyo si wa kwetu. Makueni yenyewe ilikuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992, na Munge hakuijua mipaka hii.

Kabla yake Wakamba walikuwa mafundi hodari, hilo halina ubishi. Walifua vyuma wakatengeneza mishale na minyororo myembamba ajabu, walitia nakshi vibuyu, na wazee walikuwa na vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya uliogongelewa ndani ya mti. Lakini twiga wa mbao, ndovu wa mbao, Mmaasai wa mbao aliyeshika mkuki, hivyo havikuwako. Jambo hili huwashangaza wengi. Mtalii akinunua kinyago huambiwa kwamba ni mila ya kale ya Wakamba tangu zamani za mababu. Hata mimi niliamini hivyo hadi darasa la nane. Kumbe si kale sana. Kazi hiyo ina umri wa kama miaka mia moja hivi, na mwanzo wake hutajwa kuwa mtu mmoja.

Ilikuwaje? Mwaka 1914 Wazungu walianza vita vyao, wakavileta na huku kwetu. Waingereza walikuwa Kenya, Wajerumani walikuwa Tanganyika, na waliobeba mizigo walikuwa sisi. Zaidi ya watu laki moja na nusu walichukuliwa kutoka Kenya kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Aghalabu si risasi iliyowaua, bali malaria, kuhara na njaa. Jina la Kariakor kule Nairobi na la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Munge naye alilitumikia jeshi la Waingereza, akafika Tanganyika.

Huko akaona watu wanachonga mpingo. Maandishi mengi hutaja kwamba walikuwa Wazaramo, wale wa karibu na Dar es Salaam, ambao tangu zamani walikuwa na kinyago kidogo kiitwacho mwana hiti, anachopewa msichana anayewekwa ndani. Wauza vinyago wengi nao hutaja Wamakonde, nadhani kwa sababu Wamakonde ndio wenye sifa siku hizi. Wawe hawa au wale, neno ni kwamba alijifunza kwa wengine. Wakamba wenzangu wasininunie. Mgala muue na haki yake mpe.

Hebu fikiri. Watu wengi walipita huko huko, wakaona mambo yale yale, wakarudi nyumbani na homa na stori za vita. Yeye alirudi na kazi. Vita vilipokwisha mwaka 1918 akawa kwao Wamunyu, akashika tezo akaanza kuchonga.

Hapa ndipo ninapomwita msanifu, na walionicheka wasome polepole. Munge hakuchukua mwana hiti akamleta Ukambani. Nani angemnunua? Msichana wa Kikamba hakuwa na haja naye. Ilibidi ajiulize ni nani mwenye pesa, na mtu huyo anapenda kutazama nini juu ya meza yake. Mwenye pesa wakati huo alikuwa afisa wa serikali, setla na mmishonari. Hao walitaka kitu cha kupeleka kwao Uingereza, kiingie sandukuni, kisivunjike, na wageni wakikiona waseme kwamba kweli bwana huyu alifika Afrika. Kutokana na fikira ya namna hiyo vikazaliwa vinyago vidogo vya watu na wanyama. Kutazama mnunuzi namna hiyo ndiyo kazi ya msanifu, awe na karatasi na penseli au asiwe nazo.

Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliuficha ujuzi, akawafundisha watu wa jamaa yake tu. Nimelifikiria sana jambo hili. Kwa upande mmoja namwona mchoyo, kwa maana Wazaramo wangemficha yeye, leo tusingekuwa na la kusimulia. Kwa upande mwingine, mtu aliyetoka vitani mikono mitupu amepata kitu kimoja cha kulisha watoto, na nyinyi mnataka akigawe siku ya kwanza? Hata hivyo siri ya mti hukaa kwa shida. Shoka likipigwa jirani husikia, na jirani ana macho. Ujuzi ukatoka kwa jamaa ukaenda kwa majirani, Wamunyu nzima ikawa inachonga, kisha ukavuka ukaenda Kitui na huku kwetu. Vita vya pili vilipokuja, 1939 hadi 1945, askari wa Kizungu waliojaa Kenya walinunua vinyago kama njugu. Wakamba wakabeba mizigo tena, safari hii mizigo yao wenyewe. Wakafika Kampala na Dar es Salaam, na wengine wakateremka hadi kusini mwa Afrika kuuza.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana nimeikalia. Mjomba wangu ni mchongaji. Gogo hukatwa kwa msumeno kwa urefu wa mnyama, kisha shoka hutoa umbo kubwa kubwa, hapo hujui kama ni kifaru au ni mzee aliyeinama. Halafu tezo. Tezo ndiyo akili ya kazi. Mjomba hashiki rula wala hachori alama. Hugeuzageuza mti mkononi, tezo inakula, mara sikio limetokea. Baadaye kisu, kisha msasa. Msasa si kazi ya mkubwa, ni ya akina sisi, na vidole vyangu ni mashahidi. Mwisho ni kung'arisha. Na msiwaambie watalii, lakini mpingo mwingine mnaouona sokoni ni mti wa kawaida uliopakwa rangi nyeusi ya viatu!

Kila mchongaji ana mnyama wake. Huyu ni twiga tu, yule ni ndovu tu, miaka ishirini. Ndiyo maana watu wa sanaa huwadharau, wakisema kwamba wanarudia kitu kimoja kama mashine. Nakubali kwamba wanarudia. Lakini kiti cha yule Mwitaliano nacho kinarudiwa, tena na mashine kweli, na yeye hamwiti fundi tu. Isitoshe, ndani ya kurudia mna mchezo. Wamefanya vijiko vikubwa vya kachumbari ambavyo mkono wake ni shingo ya twiga. Wamefanya ndovu wawili wanaosukumana ili vitabu vyako visianguke. Wamefanya sataranji ambayo wafalme wake ni Wamaasai. Mtu aliyeketi chini ya mti Wamunyu akiwaza namna ya kumchekesha mama wa Kijerumani anayekula kachumbari, huyo si mtu wa mzaha hata kidogo.

Munge mwenyewe hakuyaona haya yote, amekufa zamani sana. Hakuona mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wa Mombasa walipounda chama chao cha ushirika, ambacho kiwanda chake kiko Changamwe, wala hakuona ushirika wa kwao Wamunyu. Hapo ndipo kazi yake ilipogeuka kuwa ya jamii. Mchongaji peke yake barabarani hupangiwa bei na mnunuzi. Wakiwa wengi huweka duka moja na bei moja. Tena huku kwetu mvua ni ya kubahatisha. Mahindi yakikauka, mti haukauki, na karo hutoka kwenye ndovu. Nyumbani kwetu karo yangu ya kidato cha kwanza ilikuwa viboko arobaini. Viboko wa mbao jamani, si vile vingine.

Ila kuna deni alilotuachia bila kujua. Miti. Mpingo hukua polepole mno. Ulipoadimika watu wakahamia muhugu, nao ukaanza kwisha msituni. Watafiti wa miaka ya 1990 walikadiria kwamba Kenya ilikuwa na wachongaji kama 60,000, na zaidi ya miti 50,000 ilianguka kila mwaka kwa ajili yao. Hesabu hiyo ilinikosesha usingizi. Kukatokea kampeni ya kuwashawishi watumie miti inayomea haraka karibu na nyumba, kama mwarobaini, jakaranda na mwembe uliochoka kuzaa. Wengine walikataa, wakisema mwarobaini hauna heshima. Lakini mwarobaini una rangi nzuri ya kahawia na mistari yake, ukiupaka nta unapendeza. Nasema hivyo nikiwa nimepaka mimi mwenyewe.

Nilipokuwa nikiandika makala haya nilikwenda kwa mjomba Jumamosi nikamwuliza kama anamfahamu Mutisya Munge. Alicheka sana. Akaniambia kwamba yeye alifundishwa na mzee fulani wa Kitui, na mzee huyo alifundishwa na mtu wa Wamunyu, na mtu huyo wa Wamunyu sharti naye alifundishwa na mtu, kwa hiyo nihesabu mwenyewe. Nikahesabu kwa vidole. Nilipofika cha nne akanirushia kipande cha msasa, akanionyesha kiboko aliyekuwa bado ana mikwaruzo mgongoni.