Arthur Brooke: Msee wa Majani Chai Mwenye Stage Yake Kericho

Ukipanda mat ya Nakuru kwenda Kericho, makanga lazima aulize kama kuna wa kushuka Brooke. Wasee kibao hushuka hapo kila siku bila kujua hilo jina lilikuwa la mtu.

Arthur Brooke alizaliwa 1845 huko Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, Uingereza. Budake alikuwa anauza chai. Mwaka 1869 Arthur akafungua duka lake Manchester, akaliita Brooke Bond. Sasa shika hii: hakukuwa na msee anaitwa Bond. Jina lilimbamba tu, akaliweka.

Enzi hizo kuna wenye maduka walikuwa wanachanganya chai na takataka. Arthur alichanganya majani ya aina tofauti yeye mwenyewe, akafunga kwenye pakiti, ladha ikawa ile ile kila siku. Mambo ya deni hakutaka, ni chapaa mkononi. Biz ikashika, maduka yakafika miji mingine, na 1892 ikawa kampuni kamili.

Arthur alikufa 1918, kabla kampuni yake ipande chai Kericho. Ilifika huko miaka ya 1920. Majani yakishachunwa hayangoji, yakikaa sana yanaharibika. Ndio maana viwanda kama Kimugu na Chagaik vilijengwa katikati ya mashamba, na wafanyakazi wakajengewa nyumba hapo hapo. Ndani ya kiwanda majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa.

Lakini hiyo ardhi ilikuwa na wenyewe. Serikali ya kikoloni iliwafurusha Wakipsigis na Talai kupisha wazungu. Mwaka 1934 ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, familia nzima nzima zikapelekwa Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Wajukuu wao bado wanadai haki, na 2022 walifikisha kesi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Unilever ilinunua Brooke Bond 1984, na tangu hapo mashamba yamebadilisha wenyewe tena. Jina la Brooke halijatoka Kericho, na msee mwenyewe hakuwahi kuchuna hata jani moja huko.

Kama kugo ama kogo wako alichuna chai Kericho au Bomet, ama alifurushwa, muulize stori yake leo. Hiyo haijaandikwa kwenye pakiti.