Hildebrandt Aliyefika Kitui, na Vyura Waliobadilishiwa Ukoo

Kila mwaka kurasa hizi hujaa maisha ya washairi na wanasiasa. Mimi nimemchagua mtu aliyepita hapa kwetu Ukambani na jina lake likabaki kwa ndege, kwa popo na kwa chura. Si mchezo!

Huyu ni Johann Maria Hildebrandt. Alizaliwa Machi 1847 mjini Düsseldorf, Ujerumani. Babake alikuwa mchoraji. Yeye alianza na ufundi wa mitambo, lakini mlipuko ukampofusha jicho moja, basi akaingia kazi ya bustani hadi akafika kwenye bustani ya mimea ya Berlin. Mwaka 1872 alifunga safari kuja upande huu wa dunia, na kuanzia hapo hakutulia. Bahari ya Shamu, pwani ya Wasomali, Unguja, Komoro, kote alipita akikusanya mimea na wanyama wa kupeleka Berlin.

Safari inayotuhusu sisi ni ya 1877. Alitoka Mombasa akinuia kufika Mlima Kenya, akapitia Taita mpaka Kitui. Hapo safari ikakwama, akarudi pwani bila kuufikia mlima. Lakini hakurudi mikono mitupu. Tena mizigo hiyo haikutembea yenyewe hadi Mombasa. Ilibebwa na wapagazi, ingawa sifa zote alizipata Hildebrandt. Hapo mimi huona uchungu kidogo.

Wanyama hao walimfikia Wilhelm Peters, mkuu wa jumba la makumbusho ya wanyama la Berlin. Mwaka 1878 Peters alitangaza aina mpya kadhaa, akiwemo popo aliyempa jina la Hildebrandt, na chura mdogo wa Taita aliyemwita Bufo taitanus. Mwaka uo huo mtaalamu wa ndege, Cabanis, akampa jina la Hildebrandt yule kwezi wetu mwenye tumbo la rangi ya machungwa na macho mekundu. Mwaka 1907 Nieden akaita ukoo mzima wa vyura Hildebrandtia. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani, huko Antananarivo, Madagaska, tarehe 29 Mei 1881. Alikuwa na miaka 34 tu.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mimi nafuga chura nyumbani, ndani ya karai kuukuu lenye mchanga, nimelifunika kwa wavu. Mvua ya Novemba ikileta kumbikumbi, yeye hula mpaka tumbo linavimba. Maji hanywi kwa mdomo bali huyavuta kwa ngozi, kwa hivyo namwekea kisahani cha kuketi. (Ukimshika, nawa mikono! Nyuma ya macho ana tezi zenye sumu nyeupe kama maziwa.) Vitabu vya zamani humwita Bufo. Rafiki yangu wa dawati moja anashikilia kwamba Bufo ni Bufo, na wanasayansi wanatuchezea tu.

Kumbe hata wakubwa walibishana hivyo hivyo. Mwaka 2006 Darrel Frost wa Marekani na wenzake walipanga upya vyura wa dunia wakifuata undugu wao, DNA ikiwa shahidi mmojawapo. Jina la Bufo likabaki kwa jamaa wa Ulaya na Asia. Wakubwa wa Afrika kama wangu wakaitwa Amietophrynus. Wataalamu wengine walikataa, wakisema jina lililozoeleka vitabuni kwa zaidi ya miaka 200 lisivunjwe. Kabla vumbi halijatulia, mwaka 2016 Ohler na Dubois wakaonyesha kuwa Tschudi alikwisha kuwapa vyura hawa jina la Sclerophrys tangu 1838. Sheria yao ni kwamba jina la kwanza ndilo hushinda, basi Amietophrynus likaanguka baada ya miaka 10 tu.

Na yule mdogo wa Taita? Alihamishiwa ukoo wa Mertensophryne. Hapa wanachama wa Kiswahili mtafurahi: Kilatini nacho kina ngeli! Bufo ni la kiume, Mertensophryne ni la kike, kwa hivyo taitanus ikabidi iwe taitana, kama sisi tunavyosema kiti kidogo lakini meza ndogo. Wanasayansi wa Berlin na New York wanahofia upatanisho wa kisarufi kuliko sisi!

Nikimjibu rafiki yangu, jina la pili ndilo la chura mwenyewe, na hilo hubaki hata akihamishwa ukoo. Ndiyo sababu tunaweza kulifuata hadi kwenye mizigo ya 1877. Yeye bado hajakubali. Mwalimu wetu wa Biolojia ameahidi kutufanyia mjadala muhula ujao, nami nimekwisha kujiandikisha upande wa Sclerophrys.