Servetus: Mtu aliyehukumiwa na makanisa mawili

Kila ninaposikia watu wakitupiana neno kafiri barazani, humkumbuka Michael Servetus. Hakuwa Muislamu, lakini maisha yake yana funzo kwetu.

Alizaliwa Aragon, Hispania, yapata mwaka 1511. Nchi ile ilikuwa imewafukuza Mayahudi mwaka 1492, na mwaka 1502 Waislamu wa Castile wakaambiwa wabatizwe ama wahame. Servetus aliisoma Biblia asiyaone humo mafundisho ya Utatu kama makanisa yalivyoyafundisha. Mwaka 1531, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alichapisha kitabu cha kuyapinga. Wakatoliki walikasirika, na Waprotestanti nao vilevile.

Akabadili jina, akasomea utabibu Paris, akawa tabibu wa askofu mkuu wa Vienne, Ufaransa. Mwaka 1553 alitoa kwa siri kitabu kingine. Humo alieleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni na kurejea upande wa kushoto. Tabibu wetu Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikwishalieleza jambo hilo takriban miaka 300 kabla yake.

Wakatoliki wa Vienne walimkamata. Ushahidi wao ulikuwa barua alizomwandikia John Calvin, kiongozi wa Waprotestanti wa Geneva. Mahasimu hawa wawili walipatana katika jambo moja tu: kummaliza Servetus. Alitoroka gerezani, nao wakaichoma sanamu yake. Agosti mwaka huo akaingia Geneva, akatambuliwa kanisani na kutiwa ndani. Alishitakiwa kwa kuupinga Utatu na ubatizo wa watoto wachanga. Hata kuisoma Qur'an aliulizwa. Calvin aliomba akatwe kichwa badala ya kuchomwa. Baraza la mji likakataa. Tarehe 27 Oktoba 1553 alichomwa moto akiwa hai pale Champel.

Tusimfanye kuwa wetu. Inasimuliwa kuwa hata motoni alimwita Yesu Mwana wa Mungu wa milele. Angemwita Mwana wa milele wa Mungu, asingekuwa na kosa mbele ya mahakimu wake. Roho ya mtu ilitoka kwa sababu ya mahali pa neno moja!

Mwaka 1903 wafuasi wa Calvin wenyewe walisimamisha jiwe la kumbukumbu Champel, wakikiri kosa lile. Miaka 350 ilikuwa imepita.

Ni rahisi kwetu kuwanyooshea kidole Wakristo. Lakini nauliza: sisi tunaokufurishana kwa Maulidi na kwa kunuti, tuna tofauti gani na wale waliokusanya kuni? Mtume (s.a.w.) alionya kuwa anayemwita ndugu yake kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Kumkosoa mtu kwa hoja ni haki yetu. Yaliyomo moyoni mwake anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, na hukumu yake tumwachie Yeye.