KARL ELSENER, MFUA VISU WA ASKARI

Katika masoko ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, hupangwa juu ya magunia vitu vidogo vidogo vya matumizi ya kila siku: tochi, nyembe, kufuli, sindano, na visu vya kukunja. Miongoni mwa visu hivyo hakikosi kuonekana kimoja chenye mpini mwekundu na msalaba mweupe. Muuzaji, awe Mkongomani, Mrundi au Msomali, atakuambia kwa Kiswahili kwamba hicho ni kisu cha jeshi. Aghalabu ni cha kuigiza tu. Hata hivyo neno lake si uongo mtupu, kwani kisu kinachoigizwa kilizaliwa jeshini kweli, na aliyekitengeneza aliitwa Karl Elsener. Leo twawasimulia askari na polisi maisha ya fundi huyo, kwa sababu wengi wetu hubeba kisu mfukoni kila siku, na ni wachache waliopata kukikagua vema kabla ya kukilipia.

Elsener alizaliwa mwaka 1860 nchini Uswisi, nchi ya milima isiyo na bahari kama ilivyo Uganda. Baba yake alikuwa mfanya kofia mjini Zug, na mama yake aliitwa Victoria, jina ambalo msomaji hana budi kulikumbuka. Kijana hakurithi kazi ya kofia. Alijiunga na fundi wa visu akiwa mwanagenzi, kisha, kwa desturi ya mafundi wa zama zile, akasafiri kutafuta ujuzi: alifanya kazi Paris, na halafu Tuttlingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa zana za waganga wa upasuaji. Ni wazi kwamba afuaye kisu cha daktari hawezi kuyakisia makali.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 23, alifungua karakana yake Ibach, karibu na mji wa Schwyz. Maji ya kijito ndiyo yaliyozungusha mawe yake ya kunolea. Jimbo la Schwyz lilikuwa maskini siku hizo, na vijana wake wengi walikuwa wakihama, baadhi yao wakivuka bahari hadi Marekani. Waliomo Nakivale wengi waliyaacha makwao kwa sababu ya vita, na wale wa Schwyz waliondoka kwa kukosa kazi. Lakini mzazi anayeachwa nyuma haoni tofauti kubwa kati ya safari hizo mbili. Elsener alitaka vijana wa kwao wapate riziki bila kuhama, na nia hiyo nusura imwangamize, kama tutakavyoona.

Mwaka 1889 jeshi la Uswisi lilipokea bunduki mpya, na bunduki hiyo haikuweza kufunguliwa ili isafishwe pasipo bisibisi. Askari yule yule alikuwa akila vyakula vya makopo, na kopo halifunguki kwa meno. Ikaamuliwa basi kwamba kila askari apewe kisu kimoja cha mfukoni chenye zana nne: bapa la kukatia, msharasi wa kutobolea, kifungulia kopo na bisibisi. Twaomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza kisu gani kinapendeza. Bunduki na kopo ndivyo vilivyochagua kisu.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na kiwanda nchini Uswisi kilichoweza kutengeneza visu vingi kiasi kile kwa wakati ule, na kazi ya kwanza ikapelekwa Solingen, Ujerumani. Elsener aliumia moyoni kuona fedha za jeshi la nchi yake zikiajiri watu wa ng'ambo huku majirani zake wakifunga mizigo. Akawakusanya wafua visu wapatao 25 katika chama kimoja ili wagawane kazi, na mwaka 1891 alikabidhi jeshini visu vyake vya kwanza, vyenye mpini wa mti mweusi. Lakini wale wa Solingen walikuwa na mitambo, na waliuza kwa bei ya chini. Wenzake wakapiga hesabu, wakaona hasara, wakajitoa mmoja mmoja. Elsener alibaki peke yake, madeni yakamlemea hata akawa karibu kufilisika, na lau si jamaa zake kumsaidia na wadai kumvumilia, karakana ya Ibach ingalifungwa.

Hakurudi nyuma. Kisu cha askari kilikuwa imara lakini kizito, naye akaanza kubuni kingine chepesi na chembamba kwa ajili ya maofisa. Mwaka 1897, tarehe 12 Juni, kisu hicho kiliandikishwa kisheria. Siri yake ilikuwa katika springi: Elsener alipanga zana pande zote mbili za mpini, zile za juu na za chini zikitegemea springi zile zile, na kwa springi mbili tu akapata zana sita, zikiwemo bapa dogo la pili na kizibuo cha chupa za mvinyo. Jeshi halikukubali kukitoa kama kifaa rasmi, pengine kwa sababu kizibuo si silaha. Maofisa walikinunua kwa fedha zao wenyewe, na wakakinunua kwa wingi.

Hapa twasimama kidogo kwenye springi, maana ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Katika visu vya Elsener hapakuwa na kitasa cha kulizuia bapa lisijikunje. Jeshi la Uswisi lilipata kisu chenye kitasa, kinachofunguka kwa mkono mmoja, miaka mingi baadaye, mwaka 2008 kwa aina inayotumika leo. Kabla ya hapo bapa lilivutwa kwa kucha, likashikiliwa na nguvu ya springi peke yake. Springi ikiwa dhaifu, bapa humrudia mwenyewe. Tuliwahi kuwa na kijana kikosini aliyenunua kisu cha kumeta kutoka gunia la soko, na siku ya kukata kamba za turubai, mvua ikinyesha, bapa lilimfunga kidole hadi mfupani. Kisu kilikuwa kikali vya kutosha, ila hakikushikwa na kitu.

Kwa hiyo anayechagua na akifungue pale pale mbele ya muuzaji. Bapa liende taratibu kisha lishike kwa mlio, likifunguliwa na likifungwa. Alishike ncha na kulitikisa kando: likicheza, akirudishe. Akitazame kikiwa kimekunjwa, kwa maana ncha isiyozama yote ndani ya mpini itatoboa mfuko na paja. Kile kinachofyatuka chenyewe kwa kubonyezwa sheria za nchi nyingi hukitazama kwa jicho baya, na polisi wajua sababu yake. Kinachovutwa kwa kucha humpa mtu nafasi ya kufikiri. Na kabla ya yote hayo ajiulize kazi yake ni ipi. Mwenye kushinda kwenye gari atataka bisibisi. Mlinzi wa doria kando ya ziwa atataka bapa la kukatia kamba na nyavu, na hizo zana kumi na mbili nyingine zitamletea uzito na mchanga tu.

Mwaka 1908 jeshi liliamua kugawa kazi ya visu nusu kwa nusu kati ya Elsener na kiwanda cha Wenger, kilichokuwa upande wa Uswisi wanaosema Kifaransa, ili upande mmoja usinung'unike. Mwaka 1909 Victoria alifariki dunia. Mwanawe aliipa kampuni jina la mama, na mwaka huo huo akaanza kutia alama ya msalaba na ngao ili visu vyake vitambulikane na vya waigaji, ambao walikuwapo tangu siku hizo.

Elsener alifariki mwaka 1918. Hakuishi kukiona chuma kisichoshika kutu kikiingia katika visu vyake. Visu vyake vyote vilihitaji kukaushwa na kupakwa mafuta. Mwaka 1921 kampuni ilianza kutumia chuma hicho, kinachoitwa inox kwa Kifaransa, na majina mawili yakaungana: Victorinox. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, askari wa Marekani walikichukua kisu hicho kwa wingi kurudi nacho kwao, na mwaka 2005 kampuni ya Victorinox ilinunua ile ya Wenger.

Kisu chetu wenyewe tulikinunua mjini Mbarara. Hakina msalaba wala rangi nyekundu. Kina bapa moja na bisibisi moja, na chuma chake hushika kutu kikiachwa na maji. Kila jioni hukifuta kwa kitambaa na tone la mafuta ya bunduki, na springi yake bado yalia.