Arisaka, Mjapani Aliyelala Darini Mwetu

Ukisimama Shelly Beach wakati wa alasiri, jua likiwa limekupa mgongo, huziona meli zikiingia mlango wa Kilindini moja baada ya nyingine. Watoto wa Likoni hukua wakizihesabu. Mimi nami nimezihesabu, na wala sikudhani hata siku moja kwamba katika nyumba yetu wenyewe, juu ya boriti za dari, mlikuwa na mgeni aliyetoka mbali kuliko meli zote hizo.

Baba alifariki miaka michache baada ya vurugu za 1997. Baada ya arubaini, tukakaa ndugu watatu kugawa mirathi. Palikuwa na minazi, kiwanja kidogo na kasha la msaji. Kaka yangu mkubwa alipanda darini kutazama makuti yaliyovuja, akateremka na kitu kirefu kilichofungwa gunia na kupakwa mafuta ya zamani. Kilikuwa bunduki.

Tulijua ilikotoka. Babu yetu alikuwa askari wa Keya, alikwenda Bama mwaka 1944 na akarudi mwaka 1946. Alivyoipenyeza mpaka nyumbani hakumwambia mtu. Mtaani palikuwa na maneno ya chini chini kwamba babu hakupigana, alikuwa mpishi tu, na hadithi zake za msituni ni za barazani. Baba aliyasikia maneno hayo maisha yake yote na hakuyajibu.

Jirani mmoja, mzee mstaafu wa jeshi, ndiye aliyetusomea ile bunduki. Alitwaa kitambaa akapangusa chuma, akatuonyesha ua la majani kumi na sita lililochongwa juu ya chemba, ndiyo alama ya mfalme wa Japani. Chini yake palikuwa na herufi tatu. Ya kwanza ni mistari mitatu iliyolala, ya pili ni mistari miwili inayoachana kama miguu ya mtu, na ya tatu ni neno lenye maana ya aina. Yaani tatu, nane, aina: Aina ya 38. Kisha akatuonyesha vitundu viwili juu ya chuma. Ile iliyotengenezwa baadaye, Aina ya 99, huwa na kitundu kimoja. Hesabu ya 38 ni mwaka wa enzi ya mfalme Meiji, nao ni mwaka 1905 kwa hesabu ya Wazungu. Akasema jina lake ni Arisaka, kwa jina la mtu aliyeibuni.

Basi nikaanza kumtafuta mtu huyo vitabuni.

Arisaka Nariakira alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Iwakuni, kusini magharibi mwa Japani, katika jamaa ya samurai, watu wa tabaka la upanga. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja akatolewa kwao, akalelewa kama mwana katika jamaa ya Arisaka, waliokuwa mafundi wa bunduki. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kwao, nasi pia tunawajua watoto waliokulia kwa wengine wakarithi kazi ya mikono ya nyumba ile. Mtoto wa upanga akawa mtoto wa tanuri na tupa.

Mwaka 1868 utawala wa zamani ulianguka, na Japani ikaanza kujifunza mambo ya Ulaya kwa haraka. Arisaka aliingia jeshini, upande wa mizinga. Kufikia mwaka 1882 alikuwa kapteni, na baadaye akapelekwa kwenye kiwanda cha silaha cha Tokyo. Wakati huo askari wa Kijapani walikuwa wakitumia bunduki ya Murata, ambayo ya kwanza ilitia risasi moja moja na kutoa moshi mwingi. Baada ya vita na Uchina vya 1894 na 1895, ikaonekana haifai tena. Kazi ya kutengeneza nyingine akapewa Arisaka.

Mwaka 1897 ikatoka Aina ya 30. Risasi yake ilikuwa nyembamba, ya milimita 6.5, baruti yake haikutoa moshi mwingi, na ilibeba risasi tano kwa mara moja. Mwaka uliofuata ukatoka mzinga wake wa milimita 75. Akawa mtu mkubwa katika jeshi la nchi yake.

Jaribio lake la kweli lilikuja mwaka 1904, Japani ilipopigana na Urusi. Ngome ya Port Arthur ilikataa kuanguka, na askari wa Kijapani walikufa kwa maelfu wakipanda vilima vyake. Arisaka akatoa shauri ambalo wengi walilistaajabia: ing'olewe mizinga mikubwa ya sentimita 28 iliyokuwa ikilinda pwani za Japani, isafirishwe mpaka huko. Ikapelekwa. Kila kombora lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Mwezi wa Desemba kilima kirefu kilipotekwa, mizinga hiyo ilizizamisha manowari za Urusi ndani ya bandari yenyewe, na mapema Januari 1905 ngome ikasalimu amri. Manowari nyingine za Urusi, zilizotumwa kuiokoa, zilikuwa wakati huo zimetia nanga Madagaska, katika bahari hii hii yetu.

Habari za ushindi huo zilienea Mashariki yote. Huko Misri, Mustafa Kamil alikuwa ameandika kitabu mwaka 1904 kuisifu Japani. Na ilipotokea vita ya Hijazi mwaka 1916, baadhi ya Waarabu waliopigana na Waturuki walibeba bunduki za Arisaka, walizopewa na Waingereza walionunua nyingi kutoka Japani.

Lakini bunduki ile haikukosa kasoro. Vumbi la Manchuria liliingia ndani yake ikakwama. Afisa mwingine, Nambu Kijiro, akaitengeneza upya, akapunguza vipande vyake na kuitia kifuniko cha kuzuia vumbi. Ndiyo hiyo Aina ya 38, ndefu mno, karibu sentimita 128 bila singe. Arisaka alipewa cheo cha baroni mwaka 1907, akafariki tarehe 12 Januari 1915. Hakuiona Bama. Hakujua kwamba kazi ya mkono wake ingelala miaka na miaka juu ya dari ya Mswahili.

Sasa nirudi nyumbani. Kaka yangu hakutaka historia, alitaka risasi. Alikuwa Likoni usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi kiliposhambuliwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa. Aliapa hatakaa tena nyumbani mikono mitupu. Mtu mmoja akamwahidi risasi za 303 za Kiingereza, akisema zitaingia. Yule mzee mstaafu akamkanya. Risasi ya 303 ina upana wa milimita 7.7, na mtutu wa babu ni wa 6.5: haiingii, na anayelazimisha anataka kupoteza macho. Risasi zake halisi zilitengenezwa Japani kwa ajili ya vita, na baadaye kampuni ya Norma ya Sweden ikazitengeneza kwa wawindaji. Hapa kwetu hakuna anayeweza kuziagiza bila cheti cha serikali, na bunduki isiyo na cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, hata kama ni urithi.

Tulibishana siku tatu. Mwishowe mama, aliyekuwa akinyamaza siku zote hizo, aliuliza ni nani kati yetu atakayeieleza bunduki hiyo siku ya msako. Hakuna aliyejibu. Tukaenda kwa chifu na wazee wawili, kisha polisi, tukaikabidhi na kupewa karatasi.

Kabla ya kuifunga tena, yule mzee aliniita nitazame ua lile mara ya mwisho. Bunduki nyingi zilizosalimishwa baada ya Agosti 1945 zilikwanguliwa ua hilo, ili alama ya mfalme isiende mikononi mwa adui. La babu lilikuwa zima. Kwa hiyo yaelekea bunduki hiyo ilitekwa vita vingali moto, pengine katika bonde la Kabaw, ambako askari wa Afrika Mashariki waliwasukuma Wajapani katika mvua na malaria mpaka Kalewa, Desemba 1944.

Hilo halithibitishi kwamba babu ndiye aliyeinyakua. Lakini maneno ya mtaani yamepungua, na kaka yangu hulala. Sisi tumebaki na ile karatasi ya polisi, na nishani ya Bama ndani ya kasha la msaji.