Robert Koch na Kijidudu cha Kifua Kikuu

Mama wa Nduguti, katika mkoa wa Singida, achemshapo maziwa ya ng'ombe kabla ya kumpa mtoto wake, humkinga na adui asiyeonekana kwa macho. Mmoja wa maadui hao ni kijidudu cha kifua kikuu. Zamani hakuna aliyekijua. Mtu aliyeshikwa na ugonjwa huo alikohoa miezi mingi, akakonda, akatokwa na jasho usiku, na mwisho akatema damu. Katika miji ya Ulaya waganga wengi walidhani kuwa ni ugonjwa wa ukoo tu, kwa kuwa mara nyingi baba alikufa nao, kisha mtoto. Aliyevumbua asili yake ni Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, kwenye milima yenye machimbo ya madini. Baba yake alifanya kazi ya machimbo, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Robert alisoma uganga katika chuo kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866.

Mwaka 1872 aliwekwa kuwa mganga wa serikali katika wilaya ya Wollstein. Mchana aliwatibu watu, na alipopata nafasi alikaa nyumbani mwake na hadubini, yaani chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo sana. Hakuwa na chuo wala wataalamu wa kumsaidia. Huko alichunguza kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na kondoo na hata watu. Aliwatia panya damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, nao wakafa. Alipoitazama damu yao akaona vijidudu vile vile. Mwaka 1876 akawaonyesha wataalamu wa Breslau, nao wakasadiki.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na huko akaanza kukitafuta kijidudu cha kifua kikuu. Kazi ilikuwa ngumu, maana kijidudu hicho ni chembamba mno, wala hakishiki rangi upesi. Koch alijaribu rangi nyingi, na mara nyingi hakuona kitu. Hata siku moja vikaonekana vijiti vyembamba vya rangi ya buluu.

Mtu mwingine angalifurahi na kuacha hapo. Lakini Koch alifahamu kwamba mtu kuonekana penye nyumba iliyoibiwa si ushahidi kwamba yeye ndiye mwizi. Basi akavitoa vijidudu mwilini, akaviweka katika maji ya damu yaliyogandishwa kwa moto. Vijidudu vingine huota kwa siku moja au mbili. Hivi havikuota. Juma zima likapita, naye asivitupe. Katika juma la pili vikaonekana. Akawatia wanyama wadogo vijidudu hivyo, wakaugua kifua kikuu. Na ndani ya miili yao akavikuta tena. Sasa mwizi alikuwa ameshikwa.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wataalamu wa Berlin akawaeleza yote. Alipokwisha, walinyamaza kimya. Hakuna aliyeweza kumpinga. Hata leo siku hiyo hukumbukwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Lakini sifa nyingi zaweza kumharakisha hata mtu mwenye subira. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa iliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, na wengine wakazidiwa wakafa. Baadaye ilifaa kwa kazi nyingine, yaani kumtambua mtu au mnyama aliyeambukizwa.

Koch alifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1897 alikuja Dar es Salaam, akachunguza malaria. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, ambako malale yalikuwa yakiua watu maelfu. Aliwapa wagonjwa dawa ya atoksili. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini baadhi yao walipofuka kwa sababu ya dawa hiyo.

Kosa lake jingine lahusu maziwa. Mwaka 1901, huko London, Koch alisema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakimdhuru mwanadamu ila mara chache sana. Kwa kuwa ni Koch aliyesema, wengi walikuwa tayari kuamini. Hata hivyo Waingereza waliweka baraza la wataalamu kulichunguza jambo hilo, nao wakafanya kazi miaka kumi. Mwaka 1911 wakathibitisha kwamba ugonjwa wa ng'ombe huwapata watu, hasa watoto, kwa njia ya maziwa mabichi. Koch hakusikia hukumu hiyo, maana alikufa tarehe 27 Mei 1910, mwenye umri wa miaka 66.

Wataalamu wale walimshinda kwa njia aliyoifundisha yeye mwenyewe, yaani kutosadiki neno kwa sababu ya jina la msemaji, ila kwa ushahidi. Kwa njia hiyo hiyo dawa ya kweli ilipatikana mwaka 1943, miaka 33 baada ya kufa kwake. Siku hizi mgonjwa anayemeza dawa zake kila siku bila kuacha, kwa kawaida miezi sita, hupona. Kwa hiyo anayekohoa majuma mawili au zaidi asikae nyumbani akingoja. Na aende akapimwe. Na maziwa, kama afanyavyo yule mama wa Nduguti, yachemshwe kwanza.