KWA NINI MSALABA UNAKUUDHI?

Kijana mwenzangu wa Kayanga, Nkwenda, Murongo, popote ulipo, usiitupe karatasi hii. Soma kwanza!

Ukivuka mto Kagera pale Murongo unaingia Uganda. Mbele huko, Rukungiri, mwaka 1919 alizaliwa Festo Kivengere. Lugha ya kwao Mnyambo anaielewa. Ni mtu wa ukoo wa watawala, kama ukoo wa Rumanyika hapa Karagwe. Alisoma, akawa mwalimu. Ukoo anao, elimu anayo, mshahara anao. Kubatizwa alibatizwa, lakini kanisa aliliacha akashika pombe.

Mwaka 1941 binti wa ukoo wake alisimama kanisani akatangaza kwamba Festo atarudi kwa Bwana. Festo alikasirika! Akaenda zake kulewa.

Kwa nini akasirike? Kwa sababu ukiambiwa uokoke, umeambiwa umepotea. Hapo ndipo msalaba unapochoma. Kama ilibidi Yesu afe kwa ajili yako, basi ukoo wako, cheti chako na wema wako havikutosha. Nani anapenda kusikia hivyo?

Lakini siku hiyo hiyo, chumbani kwake, Festo alipiga magoti akatubu.

Haikuishia hapo. Kuna mzungu mmoja alikuwa anamchukia sana. Enzi za ukoloni, nani angemlaumu? Lakini mtu aliyesamehewa bure atashikaje chuki? Alipanda baiskeli yake, maili 50, yaani kilomita 80 hivi, akaenda kumwomba yule mzungu msamaha. Mtu wa ukoo wa watawala, jasho linamtoka, anakiri kosa!

Je, alipungukiwa? La! Mwaka 1946 alikuja kufundisha Dodoma. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Luwum aliuawa, na Festo na mkewe wakakimbia kwa miguu milimani hadi Rwanda. Hata hapo aliandika kitabu kusema anampenda Idi Amin. Alifariki mwaka 1988.

Rafiki, wewe unaringia nini? Kahawa ya baba? Kidato cha nne? Au unasema, mimi siibi wala sinywi rubisi? Msalaba haukusifu, unakuokoa.

Tubu leo. Halafu nenda kwa yule uliyemkosea. Pengine yuko nyumba ya pili tu, hata baiskeli huhitaji.